Kubuni watu wa bahari inayopwa na kujaa: mwongozo kamili kwa watunzi

Mtunzi akiamua kubuni watu wa baharini, mara nyingi huanza kwa kuwachora matamvua shingoni na utando kati ya vidole. Ukurasa wa kumi haujafika, hadithi imeshaanza kumpinga. Sababu ni kwamba mtu wa maji ya kupwa na kujaa si mtu wa majini. Ni mtu wa mahali ambapo maji huja na kuondoka, na kila kiungo kinachomfaa maji yakijaa kitamdai maji yakipwa. Kwa hiyo usianze na mwili. Anza na ratiba ya maji, kisha uulize ni mwili gani unaoweza kuishi ndani ya ratiba hiyo.

Mwongozo huu ni kwa anayeandika riwaya, anayechora katuni au anayetengeneza mchezo wa kompyuta, na anayeishi Dar es Salaam au karibu nayo. Tumeutegemeza kwenye pwani ya hapa kwa sababu ni maabara ya bure: maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi kuandama na mwezi mpevu, kina hubadilika kwa zaidi ya mita 3. Andaa daftari, kalamu, kikokotoo cha simu na jedwali la maji la mwezi huu.

Hatua ya 1: Weka mwezi, upate saa

Mwezi wetu uko umbali wa kilomita 384,400 hivi. Unavyozunguka, siku ya maji inakuwa saa 24 na dakika 50, ndiyo maana maji kujaa ya leo saa nne yatakuwa karibu saa tano kesho. Jua nalo linavuta, ila kwa nguvu isiyofikia nusu ya ile ya mwezi. Vikivuta kwa mstari mmoja, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tunapata bamvua. Vikivuta kwa pembe, tunapata maji mafu, ambayo hapa Dar es Salaam hubadilika kwa kama mita 1 tu.

Kanuni unayoihitaji ni moja: nguvu ya kuvuta maji hufuata uzito wa mwezi, na hupungua kwa umbali uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukiusogeza mwezi hadi nusu ya umbali, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nane. Watunzi wengi huteleza hapa. Wanachora mwezi mkubwa unaojaza nusu ya anga, halafu maji yanapanda hadi magotini.

Tufanye mfano mmoja tutakaoutumia hadi mwisho. Sayari tuiite Bamvuani, na watu wake Wabamvua. Sayari ni sawa na yetu, mwezi ni sawa na wetu, lakini uko theluthi mbili za umbali, yaani kilomita 256,000 hivi. Nguvu ya mwezi inakuwa karibu mara 3.4. Chukua vipimo vya Dar es Salaam: bamvua mita 3.2, maji mafu mita 1. Nusu ya jumla yake, mita 2.1, ndiyo sehemu ya mwezi; mita 1.1 iliyobaki ni ya jua. Zidisha ya mwezi kwa 3.4 upate mita 7.1, kisha jumlisha au utoe ile ya jua. Bamvua la Bamvuani ni kama mita 8, na maji mafu kama mita 6. Ni makadirio, kwa kuwa umbo la ghuba na kina cha bahari huweza kuongeza au kupunguza sana, lakini yanatosha kuandikia.

Angalia kilichojitokeza, maana hakitarajiwi. Mwezi ukisogea karibu, tofauti kati ya bamvua na maji mafu inakuwa ndogo ukilinganisha na kimo chenyewe. Kwetu bamvua ni mara tatu ya maji mafu. Kwao halifiki hata mara moja na nusu. Mtunzi anayetaka sikukuu kubwa ya bamvua, siku ambayo njia ya chini ya bahari inafunuka mara moja tu, asisogeze mwezi sana. Au alipe jua nguvu zaidi.

Saa pia zinabadilika. Mwezi ulio karibu huzunguka haraka: siku 15 badala ya 27. Siku ya maji inakuwa karibu saa 25 na dakika 39, na kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 50. Bamvua linarudi kila baada ya siku 8 hivi. Hiyo ndiyo wiki yao, na haikuhitaji kubuniwa.

Kuna makosa mawili yanayoua sayari nzima hapa. La kwanza ni kusema dunia yote ni maji, hakuna nchi kavu wala fungu la mchanga. Pasipo ufuo hakuna kupwa. Maji yanapanda na kushuka chini ya chombo chako na wewe huoni kitu, kama abiria wa meli katikati ya Bahari ya Hindi. Watu hawa wanahitaji maji mafupi: mafungu, miamba ya matumbawe, tambarare za matope. La pili ni kuifunga sayari iuelekezee mwezi uso mmoja daima. Hapo maji yanabaki yametuna mahali pamoja, hayasafiri, na kupwa na kujaa kwa mwezi kunakwisha.

Hatua ya 2: Chora mteremko, kisha mpe kila mtu mstari wake

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kimo katika mafungu kumi na mawili na muda katika vipande sita: kipande cha kwanza maji yanapanda fungu 1, cha pili mafungu 2, cha tatu 3, cha nne 3, cha tano 2, cha sita 1. Robo ya kimo chote inakuja ndani ya kipande kimoja cha katikati. Bamvuani kipande ni zaidi kidogo ya saa moja, na robo ya mita 8 ni mita 2.

Sasa weka mteremko. Ufuo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 100 utafunuka mita 800. Ukishuka mita 1 kwa kila 500, utafunuka kilomita 4, na katikati ya kujaa ukingo wa maji utasogea kama kilomita 1 kwa saa. Hata mzee mwenye mkongojo anauacha nyuma. Lakini ufanye mteremko wa mita 1 kwa kila 2,000. Ukingo huo unakuja kwa karibu kilomita 4 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu mzima anayetembea kwenye ardhi ngumu, na hapa anatembea kwenye matope. Mtoto hatoki. Hesabu hii moja inakupa sheria za kijiji, nyimbo za kuhesabu za watoto, na kosa ambalo jamii haisamehi: kumwacha mtu mafunguni bila kumwita.

Kisha amua wanakaa wapi kwenye mteremko. Walio katikati wanapata saa 6 na dakika 25 za ukavu na kiasi kilekile cha maji. Walio robo ya kimo kutoka chini wanapata ukavu wa saa 4 na dakika 17 tu kwa kila mzunguko. Walio robo tatu wanafunikwa kwa saa 4 na dakika 17. Hao si watu wa aina moja. Wa chini watakuwa wazamiaji, wa juu watembeaji, na ukitaka ugomvi wa ukoo na ukoo unao tayari bila kuleta mfalme mwovu. Ukiwajengea nyumba za nguzo pale katikati, kumbuka bamvua litapita mita 4 juu ya ardhi, na mawimbi yanakuja juu ya hapo. Boriti za mita 6 zinazobaki juu baada ya kuchimbiwa ni za lazima, na mtu anaziingiza matopeni wakati gani? Ndani ya zile saa 6 tu.

Hatua ya 3: Pumzi

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye hesabu nyingi na ndipo wengi wanapokata tamaa mapema.

Matamvua kwanza. Lita moja ya hewa ina takriban mililita 210 za oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto kama ya kwetu ina kama 5. Mtu aliyetulia anatumia mililita 250 kwa dakika. Matamvua yake yakiwa hodari kiasi cha kunasa asilimia 80, kila lita inampa mililita 4, hivyo lazima apitishe lita 60 na zaidi kila dakika, akiwa amelala. Akiogelea kwa nguvu, mara kumi. Ndoo tatu za lita 20 kwa dakika, usiku kucha, kupitia shingo ya binadamu.

Tatizo kubwa zaidi ni joto. Lita 60 kwa dakika ni kilo moja ya maji kila sekunde. Damu ina nyuzi 37, maji yana 27, na kwenye matamvua damu na maji vinatenganishwa na utando mwembamba mno. Kuipasha kilo moja kwa nyuzi 10 kila sekunde kunahitaji kilowati 40 na ushee. Mwili uliopumzika huzalisha wati 100 hivi. Mtu wako mwenye matamvua na damu moto anapoa hadi kufikia joto la bahari ndani ya dakika chache. Ukiyang'ang'ania matamvua, basi kubali damu ya joto la maji, na ubongo unaofanya kazi kwa joto hilo. Hao ni viumbe wengine. Ushauri wetu ni mapafu, kama nyangumi, kama kasa, kama nguva.

Basi ongeza akiba. Binadamu hubeba takriban mililita 20 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili. Sili wa Weddell, mnyama wa baharini wa Antaktiki mwenye mapafu, hubeba kama 87, nyingi zikiwa kwenye damu na misuli, siyo mapafuni. Mbamvua wa kilo 60 mwenye akiba ya sili ana lita 5 na ushee. Akifanya kazi ya wastani chini ya maji kwa nusu lita kwa dakika, ana dakika 10. Akitulia huku moyo ukipiga polepole, 20. Andika namba hizo mbili juu ya ukuta wako. Kila tukio la chini ya maji litapimwa kwa hizo, na msomaji ataanza kuhesabu pamoja nawe.

Akiba hiyo inakaa wapi? Kwenye wengu, ambalo hujikaza mtu akizamia na kumwaga chembe nyekundu kwenye damu. Hili siyo la kubuni: mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba Wabajau, wavuvi wazamiaji wa Indonesia, wana wengu kubwa kwa karibu asilimia 50 kuliko jirani zao Wasaluan wakulima, hata Mbajau asiyezamia. Na kwenye misuli, ambamo protini ya mayoglobini hushika oksijeni. Wanyama wazamiaji wana mayoglobini yenye chaji kubwa zaidi ya umeme. Molekuli zinasukumana badala ya kugandana, kwa hiyo zinaweza kujazwa nyingi. Misuli ya namna hiyo ni myeusi kama maini mabichi. Midomo, fizi na viganja vya Wabamvua vitakuwa na rangi nzito, na jeraha lao litaonekana tofauti na letu.

Halafu punguza. Kina chao hakizidi mita 8, labda 15 nje ya mwamba. Hawahitaji mbavu za kukunjika wala kinga ya viputo vya naitrojeni, vitu ambavyo mnyama wa mita 500 anavihitaji. Kumpa mtu wa mafunguni mwili wa kilindini ni kumtwisha mzigo wa bure. Masikio tu ndiyo yatataka kusawazishwa, kwa sababu shinikizo la mita 8 ni karibu mara mbili ya la juu, na mafua kwa Mbamvua ni ugonjwa wa kukosa kazi.

Mifupa inahitaji uamuzi. Nguva wana mbavu nzito zilizojaa, zinazowasaidia kukaa chini kwenye nyasi bahari bila kuhangaika. Mifupa mizito ingemfaa Mbamvua kutembea kwenye sakafu ya bahari akiokota. Maji yakipwa, mifupa ileile inamzamisha matopeni. Chagua nusu ya njia, na useme kwa nini.

Hatua ya 4: Chumvi

Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita. Mkojo wetu unaweza kubeba chumvi kama gramu 20 kwa lita. Aliyekunywa lita moja ya bahari atahitaji lita 1.75 za mkojo kuiondoa, na hizo zilizozidi zinatoka kwenye mwili wake. Ndivyo kiu ya baharini inavyoua.

Una njia tatu, na kila moja inatoa jamii tofauti. Figo kama za nyangumi, ambaye maji yake mengi yanatoka kwenye chakula: watu hawa hawanywi, wanakula samaki wabichi, na kumpikia mgeni chakula kikavu ni kumtesa. Au wanategemea mvua na chemchemi za mafunguni, na hapo maji baridi ndiyo mali, ndiyo mahari, ndiyo vita. Au tezi za chumvi. Kasa anazo karibu na macho, ndiyo maana jike anayetaga mchangani anaonekana kama analia. Mti wa mchu, mkoko mmojawapo wa pwani yetu, hutoa chumvi kupitia majani. Ramba jani lake utaiona, ilhali mkoko wenyewe wenye mizizi ya matao huizuia sehemu kubwa mizizini.

Tunaipenda njia ya tezi kuliko zote. Mtu mwenye tezi za macho hulia kila baada ya kula. Machozi hayawezi tena kuwa ishara ya msiba. Basi wafiwa wafanye nini? Jamii itatafuta ishara nyingine: kujizuia kula ili macho yakauke, pengine. Jibu hilo moja la kibaiolojia linazaa desturi nzima ya matanga.

Hatua ya 5: Ngozi na joto

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Hata bahari yetu ya nyuzi 27 humtetemesha mtu aliyekaa ndani kwa saa kadhaa. Dawa ya haraka ni mafuta chini ya ngozi. Lakini kumbuka ratiba! Hapa Dar es Salaam bamvua hupwa takriban saa nne hadi saa tano asubuhi, kwa sababu jua na mwezi viko kwenye mstari uleule kila bamvua, na kila pwani ina saa yake. Ardhi kubwa kuliko zote inafunuka jua likipanda, na inakauka adhuhuri. Mtu aliyefungwa mafuta mwili mzima atapata kiharusi cha joto saa ileile ambayo chakula ni kingi. Sili hutatua hili kwa mishipa inayopita ndani ya tabaka la mafuta hadi kwenye ngozi, ikifunguka wakiwa nchi kavu na kujifunga wakiwa majini. Mpe Mbamvua mishipa hiyo, na ngozi itakayobadilika rangi: iliyopauka majini, iliyoiva juani.

Unapobuni sayari yako, amua saa ya bamvua kabla ya kuamua ngozi. Bamvua linalopwa usiku linataka watu wengine kabisa, wenye macho makubwa na wasiojua kuungua.

Chumvi inayokauka juu ya ngozi hupasua, na ngozi inayoloa kila siku huota fangasi kati ya vidole. Mpe ute mwembamba, au tabia ya kujipaka tope. Ya pili ni nzuri zaidi kwa sababu inaonekana na ina harufu.

Hatua ya 6: Macho, masikio, sauti

Konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, ndiyo inayokunja sehemu kubwa ya mwanga unaoingia jichoni, kama theluthi mbili, na ndani ya maji inapoteza karibu uwezo wote. Ndiyo maana tunaona ukungu. Watoto wa Wamoken, watu wa bahari ya Andaman, walipimwa na kuonekana kuona chini ya maji mara mbili ya watoto wa Ulaya. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Hawana jicho tofauti. Hukaza mboni hadi iwe ndogo sana na kuvuta lenzi, na watoto wengine walipofundishwa waliweza. Kwa Wabamvua, basi, unaweza kuacha jicho la binadamu na kulifundisha, na mtu mzima aliyehamia bara angepoteza ustadi huo.

Sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, hivyo inayafikia masikio mawili karibu kwa pamoja na mtu hajui imetoka upande gani. Wape lugha mbili: ya mdomo maji yakipwa, ya mikono na kugonga maji yakijaa. Mtu asiweze kusema uongo mmoja kwa lugha zote mbili kwa urahisi uleule.

Hatua ya 7: Miguu

Mtu wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja wenye eneo la sentimita za mraba 180 anakandamiza tope kwa theluthi ya kilo kwa kila sentimita. Ukitanua mguu hadi sentimita 300, inashuka hadi 0.2. Kutanua ni rahisi. Kuuchomoa ndiko kazi, kwa kuwa tope hunyonya. Vidole virefu vinavyokunjamana mguu ukiinuliwa, kama vya ndege wa matopeni, vinaruhusu hewa kuingia chini. Utando kati ya vidole tunaukataa, au uishie kwenye kifundo cha kwanza. Chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko wana kingo kama wembe, na utando ni nyama nyembamba iliyojaa damu. Vidole vyetu hujikunja mikunjo vikiloa, na ni mishipa ya fahamu inayofanya hivyo, si maji kuingia tu. Ongeza mikunjo hiyo iwe mirefu na ya kudumu, utapata kiganja kinachoshika jiwe lenye utelezi.

Hatua ya 8: Saa ya ndani

Kaa wadogo wa pwani wakichukuliwa na kuwekwa chumbani bila maji ya kupwa wala kujaa, huendelea kutoka na kutulia kwa saa za bahari waliyotoka. Mbamvua lazima awe na saa hiyo. Halali usiku; analala sehemu mbili, moja kwa kila kujaa au kwa kila kupwa kutegemea mstari wake. Saa yake na ya jua hazilingani, zinapishana saa 1 na dakika 39 kila siku. Anayesafiri kwenda ghuba ya pili, ambako maji hujaa kwa kuchelewa saa 3, atakosa usingizi na hamu ya kula kwa siku kadhaa. Mgeni anatambulika kwa kusinzia.

Uzazi ufuate saa hiyo. Mtoto azaliwe mara maji yakiuacha mstari wa kijiji, ili apate saa 6 kamili za ukavu kabla ya bahari kumrudia.

Watoto ndio mpaka wa kila kitu ulichobuni. Ubongo wa binadamu hukua polepole. Sili wa kofia huacha kumnyonyesha mtoto baada ya siku 4 kwa maziwa ambayo zaidi ya nusu yake ni mafuta. Mtoto wa mtu hawezi njia hiyo. Kwa miaka 5 au 6 hana akiba ya pumzi, hana uzito wa kusimama kwenye mkondo. Kwa hiyo lazima pawe na mahali juu ya mstari wa bamvua penye bibi na watoto, na wazazi wanaopanda na kushuka. Ukipasahau hapo, watu wako wamekwisha ndani ya kizazi kimoja.

Muda wa kubadilika nao uwe wa haki. Wengu kubwa na macho yaliyofundwa ni mambo ya miaka elfu chache au utoto mmoja. Tezi za chumvi na mifupa mizito ni mamilioni ya miaka, au mkono wa wataalamu waliobadilisha vinasaba. Amua, na usichanganye kimyakimya.

Hatua ya 9: Nenda upime

Chagua siku mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Angalia jedwali la maji, ufike saa moja kabla ya kupwa kabisa. Kunduchi na Mbweni kuna mikoko na tope; Msasani na Kigamboni kuna mchanga na mwamba. Mlango wa Msimbazi uutazame ukiwa juu ya Daraja la Salenda tu, maji yake ni machafu. Vaa viatu vya soli ngumu vilivyofungwa. Beba vijiti 10, kamba ya mita 10 na maji ya kunywa lita 2. Usiende peke yako.

Maji yakipwa kabisa, simika kijiti kwenye ukingo, kisha kimoja kila mita 10 kuelekea nchi kavu. Andika saa maji yanapokifikia kila kimoja. Utaona mwendo unavyobadilika, na utaisikia ile robo ya kimo ikija. Vijiti vikifika sita uwe umeshaanza kurudi, na uangalie nyuma yako: mara nyingi maji hujaza kwanza mifereji iliyo kati yako na ufuo, na hapo ndipo watu hunaswa.

Utakuta akina mama wanaookota kome na wavuvi wanaochokoa pweza. Toa shikamoo, mwambie mama au babu huyo kwamba unatunga hadithi, na umuulize analiitaje tope hili, maji haya ya sasa, upepo huu. Usimuulize akiwa anainama kazini. Maji ya kupwa ndiyo saa zake za kazi. Mngojee arudi, umsaidie kubeba ndoo. Maneno atakayokupa yaandike yalivyo, pamoja na yale usiyoyakuta kwenye kamusi.

Ukirudi nyumbani, andika siku moja ya Mbamvua mmoja kwa dakika: saa 25 na dakika 39, kujaa mara mbili, kupwa mara mbili. Alipolala, alipokula, alipolia chumvi, mtoto alikuwa na nani, pumzi ilimtosha mara ngapi. Kila palipobaki wazi, rudi kwenye hatua inayohusika, ubadilishe mwili. Ratiba ya maji usiiguse.